Kumbukumbu za Kikao, Ajenda ya Tatu

Kazi yangu ni kuandika tu.
Jumanne, saa moja jioni, ukumbi wa zimamoto
(paa la ukumbi wetu linavuja, nalo lina foleni yake),
akidi imetimia: wajumbe saba,
wananchi thelathini na wanane, mbwa mmoja.

Ajenda ya tatu: Daraja la Mtaa wa Sita.
Chuma chake kiliyeyushwa papa hapa, ukingoni mwa Monongahela,
na kila ribiti iligongwa na mtu mwenye jina refu la Kislovaki
ambalo karani wa kiwanda alilikata katikati
ili litoshe kwenye daftari la mishahara.
Ufa wa kwanza hatukuuziba.
Tuliupaka rangi ya kijani.

Mhandisi Stroud alisimama na picha zake.
Boriti ya nne, upande wa mashariki, alisema,
kutu imeila hata unaweza kupitisha mkono
ukamsalimu aliye upande wa pili.
Ukumbi ukacheka.
Yeye hakucheka.
Nilipoolewa, kibao kilisema tani ishirini.
Mwanangu alipoanza shule, tani kumi.
Sasa ni tatu, na gari la zimamoto
huzunguka kwa dakika kumi na moja,
na moto haujui kusubiri.

Kisha Earlene Pritchett, dereva wa basi la shule:
"Nikifika pale nasimama. Watoto wanashuka,
wanavuka kwa miguu, wawili wawili, wameshikana mikono.
Mimi nawafuata na basi tupu, mwendo wa jongoo.
Ng'ambo nawahesabu.
Kumi na tisa.
Kila siku nawahesabu."

Nikaandika: *Bi. Pritchett alitoa maelezo kuhusu usafiri.*

Fedha. Dola milioni arobaini na moja.
Jimbo litatoa nusu, mji ukitoa robo.
Serikali kuu itatoa robo, jimbo likitia sahihi.
Jimbo litatia sahihi mji ukionyesha robo yake,
na robo yetu ni hatifungani ya miaka thelathini,
yaani deni lenye suti.
Mzee Wozny akainua mkono:
"Miaka thelathini? Mimi nina sabini na nne.
Nilipie daraja nitakalolivuka nikiwa nimelala?"
Mjumbe Yarbrough hakuinua macho kwenye makaratasi:
"Na hili la sasa, Thaddeus, ulimlipa nani?"

Kimya. Mbwa akajikuna.

Nyumba namba 212 imo kwenye njia ya nguzo mpya.
Mwenyewe, Bi. Ludmila Hadusek, alikuja na pochi yake magotini
na hakuuliza fidia.
"Mpango wa kwanza mlisema mtabomoa,
nikaacha kupaka rangi jikoni.
Huu ni mpango wa tano.
Kuta zimekuwa rangi ya chai.
Niambieni neno moja tu:
ninunue rangi, au nisinunue?"

Walitazamana. Mwenyekiti akagusa kipaza sauti
kama anayepima joto la uji.
Nikaandika: *Swali limepokelewa.*

Kura: nne dhidi ya tatu. Imepita.
Sasa upembuzi, sasa usanifu, sasa zabuni,
sasa mtaalamu atazamie chini kuwahesabu kome
tusije tukawabomolea nao nyumba zao.
Miaka sita, kama kila mtu atajibu barua.
Watu walivaa makoti bila kushangilia.

Mlangoni Stroud alinionyesha nyundo yake ndogo.
Chuma kizima, alisema, ukikigonga kinaimba.
Kilichooza kinakujibu kama mkate.
Nilitaka kuiandika sauti hiyo. Fomu haina nafasi yake.

Nilirudi nyumbani kwa njia ileile, hakuna nyingine.
Nilishusha kioo, nikaendesha taratibu,
mto ukipita chini bila kuomba kibali.
Ng'ambo nikasimama, nikajihesabu.
Mmoja.

Ndipo nikakumbuka: sikuandika
kikao kilifungwa saa ngapi.