Nafasi Nane

Saa nane nimekodolea kioo cha kampuni:
mishahara ya watu mia tatu wanaounda mabafu,
makato, bima, likizo ya aliyeteguka kifundo.
Kisha nyumbani, kioo kingine,
na hicho nilikuwa nikikiita muziki.

Nilikuwa na nyimbo sitini na tatu, zote viporo.
Moja niliiita Mpya. Nyingine Mpya Kabisa.
Nyingine Mpya Kabisa Hii Ndiyo.
Nilizikata kwa kipanya kama mshonaji asiye na mteja,
nikichungulia mawimbi yalivyochorwa, ya kijani,
na sikio langu limekaa pembeni
kama mgeni aliyefika chakula kimeshaliwa.
Programu ikaomba ruhusa ya kujisasisha.
Nikaipa. Nikaenda kulala.

Bwana Wrona, fundi lifti mstaafu, ghorofa ya nne,
ndiye aliyeniuzia hiki:
kinanda cha ukubwa wa mkate,
vitufe vidogo kama meno ya mtoto,
betri nne tumboni, spika ya kutosha kumuudhi paka.
"Kina nafasi nane tu," alisema.
"Ukitunga wimbo wa tisa, mmoja ufe."
Mikono ilimtetemeka akihesabu noti,
za benki; zile nyingine alikwishaacha kuzihesabu.
"Futa vyote vilivyomo."

Sikufuta.

Sasa natunga jikoni, miguu juu ya bomba la joto,
theluji ikidondokea mapipa ya taka uani.
Natunga kwenye tramu ya saa kumi na mbili na robo
hapa Łódź, mji ambao jina lake ni Mashua
na mito yake imezikwa mabombani, chini ya barabara.
Visikizi masikioni, nami napita vivyo hivyo,
chini ya mazungumzo ya watu.

Hakuna cha kutazama. Kitaa chekundu kimoja tu,
kinakonyeza hatua kumi na sita, kinarudi.
Nikikosea, kosa linarudi nacho;
mzunguko wa tatu linaanza kuwa na adabu,
wa saba, ndilo wimbo.

Nafasi ya tano ni ya Bwana Wrona.
Kipande kifupi, cha pole,
chenye pengo kwenye hatua ya kumi na tatu:
sauti inanyamaza, halafu inaendelea
kama mtu aliyesita kizingitini.
Nikawaza: Halszka, mkewe. Alifariki Novemba.
Miezi miwili nimelililia pengo lile kwenye tramu,
nikijifanya nina mafua.

Jumapili kitufe cha sol kikagoma.
Nikafungua skrubu. Pamba, spiriti, kisu cha siagi.
Chini yake, mbegu moja ya popi,
nyeusi, kavu,
ya keki ya Krismasi ya mwaka nisioujua.
Sol ikarudi. Nikasikiliza tena nafasi ya tano
na hatua ya kumi na tatu ilikuwa inadai sol.
Hakuwa amesita, mzee wa watu.
Alibonyeza, kikagoma,
akatukana, pengine, kinywa kimejaa.

Nilicheka hadi paka akatoka.

Kuliziba ni kubonyeza mara moja. Najua la ufa na ukuta.
Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe
ndipo nikajiuliza ile keki nani aliioka.
Maana Bwana Wrona hajui hata kuchemsha yai;
tangu Novemba anakula supu za makopo,
nayasikia makopo yakishuka ngazi Jumatatu.

Nikaondoa kidole.

Mbegu iko kwenye kisahani, dirishani.
Betri zimeshuka, sauti inaanza kulewa,
inavuta maneno yake kama anayerudi harusini.
Sijui kama nipande ghorofa ya nne kumwambia,
au kumwambia nini.
Nimebakiwa na nafasi mbili.
Kesho mishahara.