Shati la Fundi wa Koroboi

Kwetu Igogo, juu kwenye mawe,
ukifungua kopo la siagi usitazamie siagi.
Mna vifungo. Mna sindano tatu na uzi mweusi,
mna jino langu la kwanza
ambalo hakuna aliyewahi kunieleza
lilifuata nini humo.
Siagi yenyewe tuliila mara moja,
Krismasi, nikiwa darasa la pili.
Kopo lina miaka kumi na tisa sasa.

Mama yangu, Mbuke, hatupi.
Maji yaliyopanda mlima kwa shingo ya mtu
hayamwagwi kwa kazi moja:
ya kuoshea mchele huishia kwenye mchicha,
na mchicha umo ndani ya tairi la lori;
ya kufulia hushuka chooni
yakiwa yamechoka, meusi, yamelipa deni lao.

Shuleni nilikwenda na kiroba cha sukari
alichokishonea mkanda na mfuko wa kalamu.
Alikigeuza ndani nje, lakini wino ulipenya:
KILO HAMSINI, mgongoni mwangu, kinyume.
Jina likanishika. Mpaka leo
kuna mwanamume Nyakato, muuza matofali,
akiniona ananiita Hamsini,
na mimi naitika.

Siku moja nilirudi na mshahara wangu wa kwanza
na ndoo mpya, ya buluu, yenye mfuniko.
Nikataka kuiondoa ile ya rangi, iliyong'oka mshikio,
anayoifunga kwa waya wa breki ya baiskeli.
"Bei gani?"
"Elfu sita."
Akanyamaza kama anayepiga hesabu ya msiba.
"Pale Mwaloni dagaa hupimwa kwa nini?"
"Kwa sado."
"Na sado ilikuwa nini kabla haijawa sado?"

Mji mzima unanunua mboga kwa kopo la rangi,
halafu mimi naionea haya ndoo ya mama.
Ile ya buluu aliipokea, lakini. Akaweka unga.
Mfuniko akaufanya sinia.

Sisemi kwamba hakosei.
Ana pasi isiyo na mpini tangu sijazaliwa,
"iko siku," na siku hiyo haijapanda mlima.
Na kitu kimoja nilimwona akikitupa mbiombio:
chupa ya dawa ya pamba
aliyoletewa na shangazi ili awekee mafuta.
Aliitoboa kwa msumari, akaizika mbali na mchicha,
akanawa mara mbili. Kwa sabuni mpya.

Baba alikuwa fundi pale Makoroboi,
akikaa juu ya jiwe na mkasi wa bati,
makopo ya maziwa ya watoto wa wenye nacho
yakitoka mikononi mwake yakiwa taa.
Shati lake la kazi lilikuwa la mistari ya kijani.
Siku ya kuanua matanga nguo ziligawiwa;
hilo mama alilikalia.
Mwaka ule nililivaa kama gauni.
Likawa foronya. Foronya ikachanika katikati,
vikatoka vitambaa viwili vya kuepulia sufuria,
kisha dekio, mistari imeshafifia,
kisha sikuliona tena, nikadhani basi.

Juzi umeme ulikatika, simu yangu haikuwa na chaji.
Nikasikia kiberiti.
Mama alikuwa ameshika koroboi, moja ya zile za baba,
ubavuni bado ina nusu ya uso wa mtoto anayecheka.
Utambi ulikuwa mnene kidogo, umesokotwa kwa mkono.
Nikausogelea. Kabla moto haujashika
niliona uzi mmoja wa kijani.

"Usiupandishe sana," akasema,
"mafuta ya taa yamepanda tena."
Dirisha la upande wa ziwa lilikuwa wazi.
Tukachambua mchele kwenye mfuniko wa buluu
mpaka ukaisha.