MM

Fundi Ambundo, penseli sikioni,
anasoma karatasi ya msalaba:
Kisia Logova, MM.
"Milimita ngapi? Namba mmeisahau."

Si kipimo, namwambia, ni nishani.
Huko Burma alivuka mto mara mbili chini ya risasi,
safari ya pili na mtu mgongoni.
Nilisoma kwenye cheti; tarehe ililiwa na panya.
Nishani yenyewe Bibi aliiuza soko la Mudete
mwaka ule wa mahindi ya manjano,
kwa gorogoro mbili na chumvi.

Babu mwenyewe, ukimuuliza habari za vita,
aliendelea kupukuchua,
macho kwenye gunzi:
"Mm."

Hiyo, fundi.
Chonga hiyo.