Upande wa Pili

Santuri ile Numbi aliinunua soko la Kenya
(mtaa wa Kenya, si nchi)
kwa bei ya ndoo mbili za makaa,
kati ya tochi mbovu na viatu vya mguu mmoja mmoja.
Jalada jeusi. Hakuna sura, hakuna jua,
mstari mmoja tu wa rangi ya shaba iliyopoa,
na nyuma, kwa herufi za sisimizi: Glasgow.

Tuliwajua wale vijana wa Uskoti.
Santuri yao ya kwanza ilikuwa magitaa matupu
yanayogombana kama kuku ndani ya gunia,
nasi tulirukaruka uani hadi mama Ngoie, jirani,
akagonga ukuta kwa mwiko.
Tukaketi kungoja kuku wale wale.

Numbi akashusha sindano.
Kwanza hakuna kitu. Mvumo.
Nikadhani ni umeme wa Katuba unatubabaisha tena.
Kisha kinanda cha umeme kikaingia
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba isiyo yake,
na ngoma isiyo na mkono, isiyo na jasho,
tiki, tiki, tiki, haichoki, haikohoi.
Mwimbaji alikuwa mbali, nyuma ya vyote,
akitamka kama anayesoma orodha ya walioachishwa kazi.

"Wametuuza," Numbi akasema. "Magitaa wameyapeleka wapi?"
Kesho airudishe sokoni, aliapa.
Mimi kimya. Vinyweleo vya mikono vilikuwa vimenisimama
na sikutaka avione.

Baba alikuwa mlangoni, mgongo kwetu,
jinsi alivyokaa tangu kampuni imuage
kwa bahasha moja ya miaka ishirini na sita.
Muziki wetu hakuwahi kuugeukia.
Tulipoweka upande wa pili, akageuza shingo.
Shingo tu.
"Hii haiko muziki," akasema. "Hii njo poste ya usiku."

Akaanza kutuonyesha kwa kidole, hewani:
hapo ni feni kubwa, sikieni;
hapo tanuru linavuta pumzi kabla ya kumimina;
hapo, tiki, ni mkanda wa mawe,
kila pingili ya tisa ina kutu;
ule mlio unaopanda, unapanda, haufiki,
ni king'ora cha saa nne,
wa mchana wanatoka bila nyuso, sisi tunaingia.
Na huyo anayeimba nyuma ni Kyungu.
Aliimba hivyo hivyo juu ya ngazi, usingizi usimchukue.
Hakutuambia kama ulimchukua.

Sijui Glasgow.
Nasikia nao walikuwa na mabomba yao ya moshi,
na baba zao vitini, migongo kwa watoto.
Labda kijana mmoja wa kule alikesha jikoni,
kinanda magotini, kimepasuliwa, waya nje kama matumbo,
na ndani ya waya, nani ajuaye,
gramu mbili za shaba zilizopita mikononi mwa baba,
zikavuka maji, zikajifunza baridi,
zikarudi kwetu na lafudhi ya ugenini.
Numbi anasema shaba hutoka hata Chile.
Sawa. Itoke.

Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa saba.
Spika zilikufa kwanza.
Santuri ikazidi kuzunguka kwa mazoea,
sindano ikinong'ona peke yake, nyembamba,
kisha nzito, kisha udongo, kisha basi.
Nje, Mumbunda ilisimama bila moshi,
nyeusi kuliko usiku.
Hakuna aliyetafuta mshumaa.
Baba aliendelea, tiki, tiki,
kwa ukucha, juu ya mkono wa kiti,
na kila akifika ya tisa alichelewa kidogo,
kwa ajili ya ile kutu.