Picha Kumi na Moja

Mimi ndiye niliyekuwa nikirusha filamu mjini Riesa,
mwaka themanini na tano, hewa ikinuka makaa.
Kutoka kwenye kidirisha changu sikuona filamu hata siku moja.
Niliona visogo.
Visogo huongea, ukishavizoea:
kinachosinzia, kinachobusu,
na kile cha afisa aliyekuja kuandika
nani amecheka, na amecheka wapi.

Filamu ilitoka Amerika na barua yake ya ruhusa:
vijana na waione dhiki ya ubepari,
kuta zilizochorwachorwa, watoto wasio na kazi
wakigaragara barabarani.
Basi vijana wakaona.
Waliona mtu anazunguka kwa kichwa kama pia,
miguu hewani,
na hakuna aliyemwamuru ashuke.

Siku ya tatu visogo vikaniishia.
Viti vitupu; wote wako chini, kwenye ujia,
juu ya maboksi ya jokofu waliyoyapasua.
Mwenye tochi alipita akiwaruka
kama mtu anayevuka madimbwi kwa viatu vipya.

Falko, mtoto wa Gudrun wa kiwanda cha chuma,
alitazama mara kumi na tisa. Nilihesabu.
Ya ishirini hakuwa na nauli ya kiti.
Akapanda ngazi zangu, kofia mkononi,
wala hakuomba kuingia. Aliuliza:
"Mkono wa kushoto unatua wapi?
Pale anapogeuka. Jicho langu halifiki."

Nikautandaza mkanda mezani, chini ya taa.
Sekunde moja, nikamwambia, ni picha ishirini na nne,
na kila moja imesimama tuli, imekauka.
Sisi ndio tunaowatembeza.
Akatafuta, pumzi kaibana, mpaka akaweka ukucha:
"Huu hapa."
Kiganja wazi, kando ya kitovu,
kiwiko kimechomekwa ubavuni kama kigingi.

Mungu anisamehe, kama bado alikuwa na ofisi mji ule.
Nilichukua mkasi.

Moja tu. Wiki iliyofuata, ya pili: goti.
Halafu shingo. Halafu tena goti, akidai la kwanza lilimdanganya.
Nikaunga kwa gundi, nikapuliza,
nikaandika daftarini: mkanda umechakaa.
Zamu yetu ilipokwisha alikuwa na picha kumi na moja
ndani ya kopo la vidonge vya kikohozi,
na yule mchezaji wa Amerika, katikati ya mzunguko wake,
alikuwa na kwikwi.
Chini ya nusu sekunde. Nani angeijua?
Mkanda ukapanda treni kwenda Bitterfeld.

Novemba yakaja mashindano.
Idara iliyaita mazoezi ya viungo vya mwili, yapate kuwa halali.
Nilikaa nyuma kabisa, koti magotini.
Falko akazunguka laini, bila mshono,
kama maji yanayoingia bombani.
Tukapiga makofi, tukajua tumeshinda.

Ndipo akaingia msichana wa Bitterfeld, Ilka,
mrefu, suruali ya kazi ya kaka yake imefungwa kwa kamba.
Akashuka, akazunguka, na katikati,
tak.
Mwili ulikuwa huku, ukawa kule,
na baina ya huku na kule hapakuwa na kitu.
Akafuata mwenzake: tak.
Na mwenzake: tak.
Timu nzima, kwa uaminifu wa wanafunzi wazuri,
ilikuwa inaruka pale pale nilipokata.

Ukumbi ulinyamaza kwanza. Kisha ukalipuka.
Falko akageuka kunitafuta kwa macho.
Nilitazama viatu vyangu.

Kikombe kilikwenda Bitterfeld, na sikukionea wivu.
Wakati wa kutoka niliwakuta nyuma ya ukumbi, kwenye baridi,
yeye amepiga magoti juu ya saruji,
kopo linalia mfukoni kila anaposogea,
anamsihi yule msichana arudie, taratibu, mara moja tu.
"Mkono wa kushoto," anamwambia,
"mkono wa kushoto unatua wapi?"

"Hautui," alisema Ilka.