Duka la Kampuni

Babu mzaa baba hakuwahi kushika dola
mpaka alipotimiza miaka thelathini.
Mgodi ulimlipa vipande vya shaba vyenye tundu katikati,
navyo vilikubalika dukani pa mgodi tu:
unga wa mgodi, viatu vya mgodi,
na jeneza, siku lilipohitajika, la mgodi.
Baba alirithi vipande vitatu. Akavitia kwenye kopo la kahawa,
akawa analitikisa kila alipotaka tunyamaze.

Mwaka tisini na sita, huku Kentucky, ndani ya bonde
ambalo jua hulifikia saa nne na kuliaga saa tisa,
baba, Verlin Stamper, fundi wa mashine za kufulia,
alikopa benki, akanunua modemu kumi na mbili,
akazipanga nyuma ya vikaushio, juu ya rafu ya sabuni.
Zilipiga mluzi, zikakoroma, zikakwaruza
kama paka waliofungiwa guniani,
ndipo ulimwengu ukaitika.

Dola kumi na tano kwa mwezi. Asiye nazo alileta mayai.
Mimi, miaka kumi na mmoja, ndiye mpokea simu.
"Zima, hesabu hadi ishirini, washa,"
niliwaambia watu wazima, nao wakanitii.
Dreama Combs akaweka ruwaza za mablanketi yake ya viraka,
kila kiraka na jina la aliyekivaa.
Hobart Noble, mapafu yamejaa vumbi la makaa,
akaandika usiku, kwa kidole kimoja,
orodha ya wenzake waliokufa wakikohoa
na jina la daktari aliyewaambia ni sigara.
Tahajia yake ilikuwa mbovu. Hakuna aliyemsahihisha.
Ukurasa ulikuwa wake, kama kibaraza.

Sitaki kusema kulikuwa kwema kutupu.
Mvua ikinyesha, laini zilikufa. Matusi yalikuwapo,
na mchungaji mmoja aliyesoma asiyopaswa;
nilijua, kwa kuwa bili niliandika mimi.

Kisha akaja kijana kutoka Lexington, suti ya kijivu, meno.
Lexington ikamezwa na Atlanta. Atlanta ikamezwa
na jina ambalo baba hakuweza kulitamka,
nalo likamezwa. Hatukusikia hata mcheuo.
Barua ilisema: Kwa huduma bora zaidi,
kurasa zote za zamani zitafutwa tarehe thelathini.
Hobart alikuwa amekwisha kufa, mwezi wa pili.
Safari hii alikufa na orodha yake.

Dreama alihamia kule walikohamia wote,
kwenye uwanja mpana, wenye taa.
Aliuliza bei, akaambiwa hakuna bei.
Leo akitaka majirani waone blanketi,
majirani wale wale, wa ng'ambo ya kijito,
hulipa dola nne ili picha isizikwe;
na anayelitafuta kwa jina lake
huonyeshwa kwanza la kiwandani, lenye ruwaza yake,
dola kumi na tisa, kusafirishiwa bure.
Alinionyesha simu. Hakulia. Alisema,
"Kiraka hicho cha buluu ni suruali ya kaka yangu."

Jana, baada ya maziko, nilipeleka shuka za baba
pale pale alipokuwa na modemu zake.
Mashine ni mpya. Hazili sarafu.
Zinataka programu, programu inataka akaunti,
akaunti inataka kujua nilipozaliwa, nilipo,
na kama ningependa kusikia habari za sabuni.
Chini kabisa, kitufe kimoja: Kubali.
Nilitafuta kingine. Nilitafuta hata tundu
la kupenyeza kipande cha shaba, ujinga tu wa msiba.

Nikalitikisa kopo, kwa nguvu, kama alivyofanya yeye.
Mwanamke mwenye mtoto aligeuka akanitazama.
Skrini ikauliza tena.