Saa Tatu, Saa Tano

Kifundo cha sauti nimekitia nukta mbili
kwa rangi ya kucha ya dada yangu Biubwa:
moja saa tatu, moja saa tano.
Saa tatu ni ya faili dogo,
linalonadi kama dalali wa samaki Malindi.
Saa tano ni ya lile kubwa, zito,
linaloingia chumbani limeshavua viatu mlangoni.

Sauti ni moja. Baba.
Barua ya kanda aliyompelekea ami Maskati,
ikarudi pamoja na amplifaya
ndani ya sanduku la mbao, ami keshazikwa.

Khelef, fundi wa Mkunazini, ndiye aliyeihamisha.
"Hili la simu," kanambia, "hili la nyumbani."
Nikaweka la simu kwenye spika za ami:
Bi Zuwena wa ghorofa ya juu akagonga sakafu kwa mchi.
Nikaweka la nyumbani. Baba akazama.
Nikamfuata kwa kifundo, kidogo, kidogo tena,
kama unavyoinamia kitanda cha mgonjwa
usikie anataka maji au anataka mtu.
Kisha nikasahau, nikarudi la simu,
na mchi nao ukarudi.

Nikaenda kumlalamikia Khelef.
Akaokota sponji, akaibana kiganjani.
"Hili nimelibana. Penye chini nimepainua,
penye juu nimepakandamiza,
halafu lote nikalisukuma mpaka likagusa dari.
Lile nimeliachia nafasi.
Na usiyashindanishe hujayasawazisha!
Sikio humpa haki mwenye kupayuka."

Ndiyo maana ya nukta.
Usiku nikafumba macho, Biubwa akibadilisha kimya kimya:
faili hili, nukta hii; faili lile, nukta ile.
Mara kumi. Nikapatia tano.
"Hata kuku," alisema Biubwa, "angepatia tano."

Basi. Saa ya ukutani imeandika tisa,
sie twasema tatu,
na hakuna aliyechelewa kazini kwa hilo.

Isipokuwa pahala pamoja.
Baba anasema, "Wasalimie wote,"
kisha anavuta pumzi.
Kwenye faili dogo mvumo wa kanda unapanda hapo hapo,
kama mchele unaomiminwa kwenye ungo,
unafunika kila kitu.
Kwenye kubwa, chumba kinashuka.
Kijiko kinagusa kikombe.
Na nyuma, mbali, mama anasema neno.

Biubwa anasema ni "inapoa".
Mie nasikia "pole".

Nikazungusha kifundo, nikaipita saa tano,
nikaipita saa sita, mpaka saba, pasipo nukta,
nikijua baba akianza tena ataitikisa nyumba nzima.
Pumzi. Kijiko.
Juu, Bi Zuwena anaburuta kiti,
anakaa.